Kabati Halina Jumatano

Mwezi uliopita kijana mmoja alimeza kidonge cha mchumba wake mbele ya mzee wa kanisa. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye stuli nyuma ya kaunta, nimeshindwa kucheka na nimeshindwa kunyamaza.

Ilikuwa hapa Urambo, kwenye duka la dawa la rafiki yangu Mama Salome, ninakokwenda kukaa asubuhi tangu nilipostaafu unesi. Kijana aliingia anatazama sakafu. Akaomba P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kwa sauti ya mtu anayeazima jembe kwa jirani waliyegombana naye. Nikamuuliza ni saa ngapi zimepita, nikamweleza, nikampa. Alisema mchumba wake yuko nje kwenye bodaboda, anaona aibu kuingia. Kabla kijana hajageuka, akaingia mzee wa kanisa lao.

"Kijana wangu, unaumwa nini tena?"

"Kichwa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi meza, usichelewe. Malaria ya siku hizi haina adabu."

Mzee wa watu akasimama palepale, kwa upendo kabisa, akimsubiri. Kijana akanitazama mimi, akakitazama kidonge, akakimeza. Mzee akampiga bega kumpongeza, akanunua dawa yake ya kikohozi, akaenda zake. Dakika tano baadaye kijana alirudi, na safari hii mchumba mwenyewe aliingia naye, uso umenuna lakini mabega yanacheka.

"Bibi, kitamdhuru?"

"Hakimdhuru. Kimemwaibisha tu. Wewe sasa meza chako hapahapa, nikuone."

Wajukuu zangu, nawaandikia ninyi mnaoanza unesi, ninyi mnaouza dawa, na ninyi ambao siku moja mtasimama mbele ya kaunta mkitazama sakafu. Nimekuwa nesi mkunga kwa miaka ishirini na kitu, karibu yote kwenye zahanati za vijiji vya reli na tumbaku, kati ya Kigwa na Urambo. Sikuvumbua kitu. Nilichojifunza vizuri kuliko vyote ni kuuliza saa, na nilijifunza kwa kumkosea mtu. Nitamfikia. Kwanza mniache nizunguke kidogo, wastaafu ndivyo tulivyo.

Swali la saa ni gumu kuliko mnavyodhani. Ukimuuliza mtu "lini?", atakujibu "juzi". Juzi ya huku kwetu ni pana sana, inaweza kuwa Jumapili, inaweza kuwa kabla ya mvua. Mama mmoja wa Usoke aliwahi kuniambia, "Siku ile treni ilipochelewa." Nikamwambia, mama, hapo umenisaidia nini? Tulicheka wote wawili mpaka machozi, na kule kucheka kukamfungua mdomo. Tangu siku hiyo nikaacha kuuliza lini. Nauliza siku hiyo mlikula nini, mlikuwa mmetoka wapi, watoto walikuwa shule au nyumbani. Mtu hakumbuki tarehe, lakini anakumbuka kwamba walikula dagaa na mumewe alikuwa ametoka kuuza kuku mnadani. Mnada ni Jumamosi, basi siku nimeipata. Halafu nahesabu kwa vidole mbele yake, saa kwa saa, bila kukunja uso.

Kwa nini nahangaika hivyo? Kidonge hiki kazi yake kubwa ni moja: kulichelewesha yai la mwanamke lisitoke. Mbegu za mwanamume zinaweza kungoja humo ndani siku kadhaa, zina subira kuliko abiria wa Reli ya Kati. Yai lisipotoka, zinachoka zenyewe. Yai likishatoka, kidonge hakina la kufanya. Na mimba ikishatunga hakiitoi, wala hakimdhuru mtoto, kwa hiyo wale wanaonong'ona kwamba ni dawa ya kutoa mimba waambieni taratibu kwamba wamekosea. Tunasema kimezwe ndani ya saa sabini na mbili, yaani siku tatu kamili. Kinaweza kusaidia mpaka siku ya tano, ila nguvu zinazidi kupungua. Tatizo ni kwamba watu wakisikia "siku tatu" wanaona wamepewa likizo. Leo ni bora kuliko kesho, na sasa hivi ni bora kuliko baada ya chai.

Wakati naanza kazi hapakuwa na kidonge kimoja ndani ya kiboksi kizuri. Tulichukua vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango, tukamhesabia mtu vinne ameze palepale na vinne baada ya saa kumi na mbili. Kichefuchefu chake msiniulize. Dada mmoja alinitapikia kwenye viatu vyangu vyeupe, vipya, vya mshahara wa kwanza. Kwa hiyo nawaambia: ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, rudi upewe kingine, usione haya, viatu vyangu vimeshaona yote. Baadaye vikaja viwili, kimoja sasa na kimoja baada ya saa kumi na mbili, na akina mama wakawa wanasahau cha pili kwenye mfuko wa sketi wanakifua. Siku hizi ni kimoja, umemeza umemaliza. Ile hesabu yetu ya zamani msiijaribu wenyewe nyumbani, maana pakiti hazifanani.

Na tiba za mtaani nimezisikia zote. Chai ya rangi iliyokolea mpaka kijiko kinasimama, soda, maji ya chumvi, kurukaruka. Yule wa kurukaruka alipata misuli ya miguu na mapacha.

Haya, sasa nimfikie Anjelina.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, kwenye zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Usoke. Jina la kijiji naliacha, kosa lilikuwa langu. Anjelina alikuwa mtoto wa Ulyankulu, wa wazazi waliotoka Burundi, ameolewa pale na mkulima anaitwa Yohana. Kijiji kizima kilikubali kwamba hakuna anayelijua bani kama yeye. Bani, kwa msiolijua, ni kile kijumba kirefu cha tofali ambamo majani ya tumbaku yananing'inizwa na kukaushwa kwa moto karibu wiki nzima. Kwanza moto mdogo mpaka majani yawe njano, ndipo unaupandisha. Ukiwahi, yanabaki kijani. Ukichelewa, yanakuwa kahawia na mnunuzi anayasukuma pembeni. Anjelina hakuwa na saa ya mkono. Alikuwa anaingiza pua mlangoni, anasema "bado saa mbili", na kweli zilikuwa bado saa mbili.

Alikuwa na watoto watatu, wawili wa mwisho kwa kupasuliwa. Huyo wa tatu alimtoa damu nyingi, na daktari wa mjini Tabora akawaambia yeye na mumewe, wamekaa pamoja, kwamba mimba nyingine karibuni inaweza kumuua. Akawa anachomwa sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Msimu wa kukausha ukamsahaulisha tarehe. Wakatumia kondomu, ikapasuka. Hiyo ilikuwa Alhamisi saa nane mchana, wakubwa wako shule na mdogo amelala. Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni pangu. Hesabuni wenyewe: saa kumi na nane tu.

Mimi nilikuwa naandika ripoti ya mwezi. Ukutani nilikuwa nimebandika ratiba niliyoichora mwenyewe kwa kalamu za rangi mbili, na niliiringia kweli ile karatasi. Jumatatu watoto, Jumanne wajawazito, Jumatano uzazi wa mpango, Alhamisi chanjo, Ijumaa ripoti na usafi.

"Habari za asubuhi, sista."

"Nzuri. Una shida gani?"

"Kondomu imepasuka jana. Yohana kasema nikuwahi."

Nikainuka, nikafungua kabati, nikatoa karatasi za ripoti, nikalifunga. "Hilo ni la uzazi wa mpango. Siku yake Jumatano."

"Jumatano hii inayokuja?"

"Ndiyo. Uje mapema, huwa kuna foleni."

"Haya, sista."

Akakaza kanga yake, akatazama nyuma yangu kidogo, akaondoka. Vidonge vilikuwa ndani ya kabati lile. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nami nilikaa kuendelea na ripoti nikijiona nesi wa mfano, mwenye utaratibu.

Jumatano alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Sikuuliza saa. Sikuhesabu chochote. Siku tano zilikuwa zimeshapita na zaidi, lakini nilimpa vinne vya kwanza na vinne vya baadaye kwa tabasamu, nikaandika jina lake kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Majuma kadhaa baadaye alirudi, na safari hiyo alirudi Jumanne, siku ya wajawazito. Ratiba yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa.

"Sista, vile vidonge vitakuwa vimemdhuru mtoto?"

Sikujua. Nilimwambia nitauliza, nikaingia chumba cha dawa nikafunga mlango.

Nilimuuliza Bi. Zuhura. Huyu alikuwa mkunga mkuu aliyekuwa akija kutukagua kutoka Tabora mjini, mama wa mjini hasa, mtandio mweupe, manukato, na ulimi usiokwenda likizo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniomba funguo, akalifungua kabati mwenyewe.

"Bibie, hebu nionyeshe. Hili kabati lina Jumatano?"

"Hapana, bibi."

"Ufunguo una Jumatano?"

"Hapana."

"Na yai la yule mama, lilikuja kusoma ratiba yako?"

Nililia. Aliniacha nilie, akawa anapanga chupa za dawa. Nilipomaliza akaniambia mtoto hajadhurika na vidonge, kwa hiyo niende nikamwambie mama yake leo, siyo kesho. Akaniambia pia kwamba kulia ninaruhusiwa, ila nilie huku nafanya kazi, kwa sababu huyu mama sasa ana miezi ya hatari mbele yake na mimi ndiye nesi wake.

Basi nikafanya kazi. Kila wiki nilipanda baiskeli kwenda kumpima presha na kumwangalia damu, hadi mbwa wao wakaacha kunibwekea. Mwezi mmoja kabla ya siku zake za kujifungua nikapanda naye treni mpaka Tabora, akae karibu na hospitali. Walimpasua mara ya tatu. Damu ikatoka tena, wakamwongezea, Yohana naye akatoa yake. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje nikimwomba Mungu kwa sala za Wakatoliki, kwa sala za Wamoravian, na zile chache za Bi. Zuhura nilizozijua. Sijawahi kuogopa vile. Mchana daktari akatoka akasema mama mzima, mtoto wa kike mzima, na uzazi wamefunga kama mama mwenyewe alivyoomba. Wakamwita mtoto Furaha.

Niliporudi kituoni niliibandua ratiba ile. Niliyoandika mpya ilikuwa na mstari mkubwa juu: dharura ni siku zote, hata nikiwa nakula. Na watu waliniamini mno. Nimeacha ugali ukipoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Tangu hapo nimewaambia watu mambo ambayo nawaambia na ninyi. Kwamba kuna kitanzi, wengine wanaita lupu, ambacho mtaalamu akikuwekea ndani ya siku tano kinazuia kuliko kidonge chochote na kinaendelea kukukinga miaka mingi. Kwamba anayetumia dawa za kifua kikuu au baadhi ya zile za kifafa aseme mapema, kwa sababu zinakipunguza kidonge nguvu. Kwamba kidonge cha jana hakikukingi kesho, na ukikifanya chakula cha kila wiki, ni heri tuzungumze njia nyingine. Kwamba hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, upime. Na kwamba kama ulilazimishwa, hakuna wa kukuuliza ulivaa nini. Kimbia hospitali, maana na dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI nayo ina saa zake, ni hizohizo sabini na mbili.

Mwalimu wangu mkubwa katika haya, nacheka nikikumbuka, alikuwa Anjelina. Siku moja kwenye kituo cha kuuzia tumbaku nilikuwa najaribu kuwaeleza akina mama habari za yai, nimechora picha, hakuna anayeelewa, mmoja ameshasinzia. Anjelina akasimama na Furaha mgongoni.

"Jamani, ni bani hili. Majani yakiwa bado njano, ukiwahi moto unaweza. Yakishakuwa kahawia, hata uzime moto wote, hayarudi. Sista anasema wahi yakiwa njano."

"Aah!" wakasema wote, na aliyesinzia akaamka. Nililitumia bani lile miaka yote, kila kijiji. Lakini siku ile sikuweza kumtazama usoni. Kumbe alikuwa ameelewa vizuri hivyo maana ya kuchelewa, nami sikuwa nimemwambia kwamba ile Ijumaa vidonge vilikuwepo. Kila mwaka nilijiambia nitamwambia. Kila mwaka nikapata la kufanya.

Nilipostaafu nikapiga moyo konde, nikaenda. Nilimkuta nje ya bani anafunga majani kwenye vijiti, nywele zimeshaingia mvi, vidole vyeusi kwa utomvu. Nikakaa kwenye kigoda.

"Anjelina, kuna neno nimelikalia miaka ishirini."

"Lile la kabati?"

"Ulijua?"

"Ulilifungua mbele yangu, sista, ukatoa karatasi. Niliviona vimepangwa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mwenye funguo ulikuwa wewe. Nilifikiri una sababu yako ya kisomi."

Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nikamwambia hapakuwa na sababu yoyote, palikuwa na karatasi ukutani. Nikamwambia naomba anisamehe. Akaweka kijiti chini.

"Kwa Furaha usiniombe msamaha. Huyo ni wangu, na namshukuru Mungu kila siku. Niombe kwa zile siku tano za kungoja. Nilikuwa nazihesabu. Mimi nahesabu bani kwa saa, sista, nisingehesabu tumbo langu? Kila nikiamka najua majani yanageuka, na watoto wangu watatu wamelala pale, na wewe umeniambia Jumatano."

Nikamwomba msamaha kwa siku tano, moja moja. Akanisamehe. Halafu akanisogezea rundo la majani nimsaidie kufunga, maana Anjelina hajawahi kumwacha mgeni akae bure.

Ninachowaomba wajukuu zangu ni kidogo. Wewe unayeingia na aibu, ukiliona kabati, sema umeliona. Na wewe mwenye funguo, usingoje akwambie.

Wiki iliyopita, saa tatu asubuhi, Mama Salome alikuwa amekwenda sokoni na mimi niko peke yangu dukani. Wakaingia mabinti wawili wa chuo, mmoja amejificha nyuma ya mwenzake. Wa mbele nilimjua kwa macho ya mama yake. Furaha ana miaka ishirini na moja sasa.

"Shikamoo, bibi. Mama kasema, mtu akiwa na jambo la saa, aje kwako, asingoje."

Sikuuliza jambo ni la nani kati yao.

"Saa ngapi?"

"Jana, saa kumi jioni."

"Kuna anayetumia dawa za kifua kikuu, au za kifafa?"

Wote wawili wakatikisa kichwa. Nilikuwa nimeshafungua kabati. Marahaba niliitikia baadaye.